Neno la Mwalimu na kura ya Bunge

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba 14 husikika kauli kwamba nchi imekosa mzee wa kuikemea. Naielewa huzuni hiyo, kwa kuwa nami nilimpenda Mwalimu Nyerere, lakini naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini sioni busara ya kumsubiri mzee mwingine wa namna hiyo.

Mwalimu alijua mapema kwamba cheo na kusikilizwa ni vitu viwili. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, naye akazunguka nchini kukijenga chama cha TANU. Desemba mwaka huohuo alirudi akiwa Rais wa Jamhuri, chini ya Katiba mpya iliyompa Rais madaraka makubwa. Tangu hapo heshima aliyoichuma kwa watu na mamlaka ya dola vikakaa kwenye kiti kimoja, na kwa zaidi ya miaka ishirini hatukuwa na haja ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo kinachotuongoza.

Alipong'atuka mwaka 1985, kiti kilikwenda kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ila sauti haikuhama. Si kwamba Mwalimu alitiiwa katika kila jambo: Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 ingawa yeye alikuwa amelipinga kwa miaka, na mwaka 1991 chama, yaani CCM iliyorithi TANU, katika kikao chake cha Zanzibar kililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, jambo lililomuudhi sana. Lakini Agosti 1993, Bunge liliporidhia hoja ya kundi la wabunge 55 ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, Mwalimu, ambaye wakati huo hakuwa Rais wala mwenyekiti wa chama, aliipinga kwa nguvu zote, na mwaka uliofuata Bunge lilelile likaiacha. Kabla mwaka 1994 haujaisha, Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, ambao aliwalaumu waziwazi, walikuwa wameondoka kwenye nafasi hizo.

Mwaka 1995, CCM ilipokuwa ikitafuta mgombea urais, nilikuwa kijana hapa Morogoro. Marehemu baba aliweka redio dirishani ili majirani nao wasikie habari za Dodoma, na mmoja wao alipomuuliza nani atapita, alijibu, "Tusubiri tusikie Mwalimu anasemaje." Hakutaja wajumbe waliokwenda kupiga kura. Benjamin Mkapa, aliyeungwa mkono na Mwalimu, alishinda katika duru ya pili dhidi ya Jakaya Kikwete.

Mimi ni muumini wa Muungano, na kuhusu Tanganyika naamini Mwalimu alikuwa sahihi. Kinachonisumbua ni njia iliyotumika. Mbunge aliyegeuza msimamo angeweza kuulizwa na wapigakura wake, na waziri huhojiwa bungeni, lakini mstaafu hana kikao cha kumhoji hata akikosea. Ilikuwa bahati yetu kwamba aliyekuwa na uzito huo hakuutumia kujitajirisha. Tena mengi aliyasema hadharani: aliandika kitabu, na Machi 1995 alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro kuhusu nyufa alizoziona katika taifa, hivyo aliyetaka kumjibu alijua anajibu nini. Tulichonyimwa wananchi ni yale yaliyosemwa vikaoni, milango ikiwa imefungwa.

Baadhi ya waliokuwemo katika vikao hivyo bado wapo, ingawa umri umekwenda. Kupitia gazeti lako nawaomba waandike, kwa majina na tarehe, nani aligeuza kura yake kwa sababu hoja ya Mwalimu ilimwingia akilini, na nani aliigeuza kwa kuogopa tu.

Msomaji wako,
Morogoro