Kwako shangazi, uliyeuliza alama iko wapi

Shikamoo shangazi. Naandika hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na kwenye grupu la familia ukiona jina langu unanyamaza mpaka mtu atume picha ya mtoto.

Nasikia unawaambia watu nimefuata umbea Marekani, eti wenzangu wanasomea unesi, mimi nasomea shida za watu. Haya. Ni chuo cha miaka miwili, wengi tunaingia darasani jioni tukitoka kazini. Tunafundishwa kumpokea mtu aliyepigwa au kubakwa, kukaa na simu usiku wa manane, kumsindikiza hospitali na mahakamani. Hapa California bila mafunzo ya saa 40 sheria haikutambui kuwa mshauri wa manusura wa ukatili wa nyumbani, na siri anazokupa zinakosa kinga mahakamani. Umbea wa kisheria, shangazi.

Tena aliyeanza kunifundisha ni wewe. Jirani alipofiwa na mtoto ulilala naye mkekani. Hukumwambia "kazi ya Mungu haina makosa". Ulimkanda miguu, ukampikia uji, ukanyamaza naye. Ndiyo maana ile siku ya kikao inanishinda kuielewa.

Binamu yangu katikati ya wajomba, mtandio shingoni, chai inampoa mkononi kwa kuwa kila funda akilimeza anakunja uso. Sauti imemkwaruza kama mwenye mafua. Kasema amekabwa koo na mumewe. Ukamwamuru avue mtandio. Akavua, shingo safi. "Sasa alama iko wapi?" Mjomba akacheka. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la maandazi. Ukasema arudi kwa mumewe kabla ya magharibi.

Muhula huu tumefika kwenye kukabwa. Mtu anaweza kukabwa hadi akazimia na ngozi isioneshe kitu. Sauti kukwaruza na kumeza kwa shida, hizo ndizo dalili, na zote mbili zilikuwa mbele yako. Utafiti uliochapishwa hapa mwaka 2008 ulionesha kwamba mwanamke aliyekwisha kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa naye unapanda kama mara saba. Yapo maswali ya kupima hatari yaliyotungwa na muuguzi Jacquelyn Campbell miaka ya 1980: kukabwa kumo, bunduki imo, wivu umo. Nimeyasoma yote, la alama sijalikuta.

Unasema nimevunja ndoa ya watu. Sisi tunakatazwa kumwambia mtu aondoke. Kipindi cha kuondoka ndicho cha hatari kuliko vyote, na anayejua atoke lini, apite wapi, ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo sikumwambia aondoke. Nilituma nauli. Nauli si ushauri. Nisingetuma angekopa, na unawajua wanaokopesha mtaani kwetu. Dawati la jinsia pale polisi alikwenda kwa miguu yake, akapewa fomu namba tatu ya kwenda nayo hospitali, mimi huku nimelala fofofo. Sasa hapo nimevunja nini?

(Dada mnaosoma mkiwa huku, makaratasi yako mikononi mwa mume: kama anakutesa, naye ni raia wa Marekani au ana grini kadi, sheria ya 1994 ya ukatili dhidi ya wanawake (VAWA) inakuruhusu ujiombee ukaazi mwenyewe, wala hataarifiwi. Samahani shangazi, hilo halikuhusu.)

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vitenge vyako, sijasahau. Ungenituma chochote ningekwenda. Ila usinitume nikuambie binamu yuko wapi, maana hapo umegonga mwamba, hata ukilia.

Cherehani yake bado iko chumbani kwako chini ya magodoro. Jumamosi atakuja kijana wa bajaji, nimeshamlipa. Mpe na ule mfuko wa bobini. Shule zinafungua Januari na ana sare za watu za kushona.