Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dodoma

Ndugu wanachama wenye vituo vya mafuta,

Ziara ya Tanga, futari ya pamoja na semina ya mashine za risiti mnazijua, picha zipo kwenye grupu. Sizirudii.

Nije kwenye lile linalosemwa mgongoni kwangu: eti niliogopa bure nikachomoa seva yetu ya pamoja, kompyuta kuu inayounganisha vituo vyetu, kwa siku mbili, mwezi Mei. Kijana wa zamu kituo cha barabara ya Singida alinipigia saa tisa usiku. Skrini imekuwa nyeusi, maandishi ya Kiingereza yanadai fedha. Nikamwambia asiizime kompyuta, ushahidi ulio kwenye kumbukumbu yake utapotea. Achomoe waya wa mtandao, apige picha. Kisha nikapanda bajaji, miguuni kandambili, nikaenda kuchomoa waya wa seva mimi mwenyewe. Ni kweli, malori ya wateja wa mkopo yalikosa dizeli, na simu nilizopigiwa asubuhi ile nazihifadhi moyoni. Lakini vituo vitatu vilikuwa vimeshaambukizwa. Cha nne hakikuguswa.

Wanaosema niliogopa bure waiangalie Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, Mei 2021. Wezi wa mtandaoni waliingia kwa nywila ya akaunti ya zamani isiyotumika. Kompyuta za ofisini zikafungwa, na kampuni yenyewe ikasimamisha bomba zima. Wakalipa bitcoin 75, kama dola milioni 4.4, programu ya kufungulia waliyopewa ikawa na mwendo wa kinyonga, wakaendelea kutegemea nakala zao za akiba. Kwetu mlango ulikuwa akaunti ya mhasibu aliyeacha kazi mwaka juzi. Mara tatu niliomba majina ya walioacha kazi, wakajibu wanachama wawili. Hatukulipa hata senti, kwa sababu ya diski ya nakala za akiba iliyokuwa kabatini, ile mliyoicheka mkutano uliopita mkiita "diski ya mwenyekiti".

Ada ni shilingi 120,000. Kati ya wanachama 46 wamelipa 19, yaani 2,280,000. Pango, intaneti na diski vimekula 2,150,000. Kwenye mafunzo ya kukabili mashambulizi kule Kizota tulipika pilau la watu 40. Walikuja 11, na wanne waliondoka baada ya kula.

Mwakani, Mungu akipenda, tuonane na wenzetu wa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kukabili mashambulizi ya mtandaoni, na kila kituo kibandike ukutani namba za kupiga usiku. Bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita na mkoani kwetu. Huenda nasi tukapata kazi humo.

Mwenye ufunguo wa pili wa ofisi aurudishe.

Naomba kuwasilisha.