Barua ya wazi kwa Mjomba wangu, kuhusu nafsi, roho na majina

Mjomba, shikamoo.

Siku tulipomzika Bibi uliniuliza swali chini ya turubai, nami nikakujibu ovyo, sahani ikiwa mkononi. Ulitaka kujua kilichomtoka Bibi alfajiri ile kilikuwa nafsi au roho, kwa kuwa umefundisha miaka mingi kwamba mtu ni vitu vitatu, mwili, nafsi na roho, na kwamba kila kimoja kina njia yake baada ya kifo. Binamu zangu wamelidaka swali hilo na bado wanabishana, ndiyo maana nakujibu hadharani ili nao wasome.

Naomba ufungue Mwanzo 35. Raheli anajifungua njiani kwenda Efrata, na Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 inasema kwamba roho yake ilikuwa ikitoka alipomwita mtoto Benoni. Neno la Kiebrania lililopo hapo si ruach, ambalo kwa kawaida ndilo tunaloliita roho, bali ni nefesh, lile lile lililotafsiriwa nafsi katika Mwanzo 2:7, ambapo Adamu alipuliziwa pumzi ya uhai puani akawa nafsi hai. Roho itendayo dhambi katika Ezekieli 18:4 ni nefesh pia, na uhai ulio katika damu katika Walawi 17:11 ni nefesh vilevile. Hata Mariamu, ambaye kwetu anasema moyo wake wamwadhimisha Bwana, katika Kigiriki cha Luka anasema psyche, yaani nafsi. Siwalaumu watafsiri, maana kila mahali walitafuta neno litakalosikika vizuri kwa Kiswahili. Lakini mtu anayepigia mstari mwekundu kila "roho" (nimeiona Biblia yako, Mjomba) anafuata uamuzi wa mfasiri akidhani anamfuata nabii.

Nefesh yenyewe si neno la mawinguni. Katika mashairi ya Kiebrania wakati mwingine ni koo: Yona anapolia kwamba maji yamemzunguka hata nafsini, ni mtu ambaye maji yamemfika shingoni. Katika Mithali 23:2 mlafi anaitwa kwa Kiebrania "mwenye nefesh", jambo lililonifanya nicheke peke yangu, kwa kuwa sisi nasi mtu wa namna hiyo tunamwita mroho, na anayenyongwa tunasema amekabwa roho. Tena samaki na wanyama wa Mwanzo 1 wanaitwa nefesh hai kwa maneno yale yale aliyoitwa Adamu, ila kwao tumeandika "chenye uhai" na "kiumbe hai". Adamu basi hakukabidhiwa nafsi kama mtu anavyokabidhiwa shati. Udongo na pumzi vilipokutana, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa nafsi.

Majina ya nyumba ile ya kwanza yanasema hayo hayo. Adamu linaendana na adama, ardhi, nasi tunajiita binadamu kila siku bila kukumbuka udongo huo. Hawa limefungamanishwa na uhai katika Mwanzo 3:20. Habili, kwa Kiebrania hevel, ni mvuke au pumzi inayopita, na ndilo neno ambalo Mhubiri analirudia na sisi tukalitafsiri ubatili. Katika nyumba ya udongo na uhai, aliyekufa kwanza aliitwa pumzi, na damu yake ikalia kutoka katika adama.

Najua utanirudisha kwenye 1 Wathesalonike 5:23, ambapo Paulo anataja nafsi, roho na mwili, na una haki ya kufanya hivyo. Ila Paulo pale anaomba mtu atakaswe kabisa, na ndivyo Waebrania walivyozoea kurundika maneno walipomaanisha mtu mzima. Kumbukumbu la Torati 6:5 inataka tumpende Mungu kwa moyo, roho na nguvu (roho hiyo nayo ni nefesh), na Marko 12:30 inaongeza akili, lakini sijasikia mtu akihubiri kwamba mwanadamu ana sehemu nne. Wala sisemi kwamba hakuna kinachobaki mtu akifa. Mathayo 10:28 inasema wazi kwamba wapo wauuao mwili wasioweza kuiua roho, nami naamini hivyo. Ninachokataa ni kumgawa Bibi mafungu matatu na kila fungu kulipa ratiba yake.

Kilichomtoka alfajiri ile ni kile kilichomtoka Raheli. Raheli alikitumia kilichobaki cha pumzi yake kutoa jina, Benoni, mwana wa huzuni yangu, na Yakobo akalibadilisha mara moja kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Nasi tuna akina Tabu, Shida na Mashaka, na unajua kwamba Bibi pia alipewa jina la kilio na mama yake kabla mhubiri hajampa la ubatizo. Msalabani tumeandika la ubatizo peke yake. Fundi atarudi mwezi ujao kumalizia saruji ya kaburi. Kwa idhini yako, Mjomba, ningependa aongeze na lile la kwanza.

Mpwa wako.