Kongo haikuchorwa Berlin

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kwa sentensi ambayo wanafunzi wengi wameikariri: kwamba Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aligawiwa Kongo mezani Berlin, na mipaka ikapigwa rula siku hiyohiyo. Sentensi ni tamu, ila si kweli. Anayeiamini hawezi kueleza kwa nini nchi ile ina umbo lile, wala kwa nini ugomvi wa mipaka uko upande wa mashariki zaidi kuliko magharibi.

Mkutano wa Berlin, ulioyakusanya mataifa makubwa kuhusu Afrika, ulifunguliwa 15 Novemba 1884 ukafungwa 26 Februari 1885. Hati yake ya mwisho ina vifungu 38. Vinahusu biashara huria katika bonde la Kongo, biashara ya watumwa, usafiri wa meli katika mto Kongo na mto Niger, na masharti kwa dola itakayotwaa sehemu mpya ya pwani. Ukivisoma vyote hutakuta kinachomkabidhi Leopold hata kijiji kimoja. Alichopata alikipatia vyumba vya pembeni, na kingine nje ya Berlin kabisa. Chama chake, kilichojiita Jumuiya ya Kimataifa ya Kongo, kilisaini mkataba na dola moja baada ya nyingine. Marekani ilikitambua Aprili 1884. Ujerumani ilifuata 8 Novemba, wiki moja kabla ya mkutano kuanza. Uingereza ilisaini Desemba, Ufaransa 5 Februari 1885, Ureno 14 Februari.

Mipaka imo humo. Ufaransa iliachiwa bonde la Kouilou na Niari. Ureno ilibaki na ukingo wa kusini wa mdomo wa mto, pamoja na Cabinda upande wa kaskazini, na katikati ya vipande hivyo viwili Leopold akapata kichochoro cha kufikia bahari. Matokeo yake nchi ya kilomita za mraba 2,345,000 hivi, ya pili kwa ukubwa Afrika baada ya Algeria, ina pwani ya kilomita 40 tu au pungufu kidogo. Mwendesha baiskeli mzuri angeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Kongo, mmekosea mara mbili. Kwanza, haikutolewa na mkutano. Leopold aliiweka ndani ya nchi yake katika waraka aliousambaza kwa mataifa 1 Agosti 1885, mkutano ukiwa umeshafungwa miezi mitano. Pili, kuandikwa katika waraka si kutawaliwa. Bunkeya alikuwapo Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi, aliyejenga dola ya Garenganze kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Msiri alikataa bendera ya Leopold hadi msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, ulipomfikia. Msafara huo ulibebwa na wapagazi kutoka Zanzibar, na 20 Desemba 1891 Msiri akauawa kwa risasi. Kwa hiyo wasomaji wenu wa Tabora wana uhusiano na Katanga ulio mkongwe kuliko ule wa Brussels. Wayeke, yaani watu wa Msiri, bado wako Bunkeya.

Sasa tuje Kivu, upande wa mashariki unaopakana na Rwanda, kwa kuwa hapa ndipo makala ilipopita haraka kuliko popote. Waraka wa Agosti 1885 uliutaja mpaka wa mashariki hivi: fuata longitudo ya 30 mashariki hadi latitudo ya 1°20' kusini, kisha nyoosha mstari hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, halafu shuka katikati ya ziwa. Chukua ramani ya leo uupige mstari huo kwa penseli. Utaikata Rwanda, na sehemu yake ya magharibi itaangukia Kongo. Waliouandika hawakulijua Ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza kulifikia, Mjerumani von Götzen, alifika 1894. Walikuwa wanapima nyumba wasiyowahi kuingia. Wajerumani walipofika na kuikuta dola ya mwami (mfalme) wa Rwanda ikiwa hai na yenye watu wake, waliukataa mstari wakataka mpaka ufuate maziwa, mito na milima. Mvutano ukaendelea miaka kumi na zaidi.

Uliamuliwa Brussels mwaka 1910, Ujerumani, Uingereza na Ubelgiji zikiwa mezani. Mpaka ukapandishwa mto Ruzizi, ukapita ndani ya Ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo, ukatoka kati ya Goma na Gisenyi, ukakwea volkano ya Karisimbi na kufuata vilele hadi Sabinyo, ambako Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana. Mwami Musinga hakualikwa, wala watu wa Idjwi, wala wa Bufumbira waliojikuta Uganda. Anayetaka kujadili Kivu aanze na karatasi za 1910. Za 1885 zitampoteza.

Mipaka ya mito ina ubaya wake. Mto Semliki, kabla haujaingia Ziwa Albert, hujipinda katika tambarare laini na kuhamisha mkondo wake mvua zikizidi. Mkataba unasema mto, mto unahama, na mkulima anaamka shamba lake likiwa ng'ambo. Mwandishi akiandika kwamba mpaka "unafuata mto", aulize pia: mkondo wa mwaka gani, na mawe ya mpaka yaliwekwa wapi?

Hata mwaka 1910 haukufunga hesabu. Mwaka 1927 Ubelgiji ilitaka nafasi karibu na bandari ya Matadi kwa ajili ya reli ya kwenda Léopoldville (Kinshasa ya leo), reli isiyokwepeka kwa sababu maporomoko ya mto yanazuia meli kupanda kutoka baharini. Ureno ilitoa kilomita za mraba 3. Ubelgiji ikalipa kilomita za mraba 3,500 upande wa Dilolo, kusini. Waliokuwa wakiishi kwenye kipande hicho walilala Kongo wakaamka Angola. Hilo lilitokea miaka 42 baada ya Berlin.

Kosa jingine ni kuandika kwamba Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu 1885. Ilikuwa mali ya mfalme mmoja, ambaye hakuwahi kukanyaga huko, hadi 15 Novemba 1908. Hii si tofauti ya jina tu. Bunge la Ubelgiji halikuwa na haki ya kukagua bajeti ya Kongo, wala kumwita ofisa wa Boma, makao makuu ya Kongo wakati huo, ajibu maswali. Agizo la 1 Julai 1885 lilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na "isiyo na mwenyewe" ikafasiriwa kuwa kila pahala pasipo nyumba wala shamba: msitu wa kuwinda, bonde la kukata miti, konde lililopumzishwa. Mpira wa msituni, unaotoka katika mitambaazi ya Landolphia, ukawa wa dola au wa makampuni yaliyopewa maeneo. Ofisa alilipwa mshahara mdogo na nyongeza kwa kadiri ya mpira aliokusanya. Mitambaazi ya karibu ikiisha, wanaume walikwenda mbali zaidi, siku nyingi zaidi, huku wake zao wameshikwa rehani kijijini. Askari alidaiwa hesabu ya kila risasi. Mkono uliokatwa wa aliyepigwa ndio ulikuwa risiti yake. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliling'amua jambo hilo bandarini Antwerp: meli zilikuja na mpira na pembe, zikarudi na bunduki na risasi. Biashara haifanywi hivyo.

Mmeandika pia idadi ya waliokufa kana kwamba kuna daftari. Hakukuwa na sensa kabla ya 1885. Takwimu zote ni makadirio, na gazeti liseme hivyo. Tena msisahau kwamba Ubelgiji ilipoichukua nchi ilibeba madeni yake, na juu ya hayo ikamtengea mfalme faranga milioni 50 kama shukrani.

Mwisho, ramani yenu inaonyesha Kongo na Tanzania zikigusana nchi kavu kusini mwa Kalemie. Hazigusani. Mpaka wote uko majini, katikati ya Ziwa Tanganyika. Kongo ina majirani tisa, na kwa Tanzania pekee huwezi kuvuka kwa miguu.

Kama mnataka kisa cha kuwaunganisha wasomaji wa huku na mada hii, kipo bandarini Kigoma. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora 19 Septemba 1916. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi, na kwa mkataba wa 15 Machi 1921 Uingereza ikaipangisha maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mwishoni mwa 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika haitafungwa na upangishaji huo. Mipaka yenyewe hakuigusa, na Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana kuiheshimu kama walivyoikuta.

Walimu wawili wa historia,
Kigoma