Somo, hiyo taarifa haijajirekebisha

Dar es Salaam
12 Aprili 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, masika tu ndiyo yametufungia ndani. Natumaini Idd mliimaliza salama na watoto wote wazima.

Barua yako nimeipata pamoja na zile taarifa za akiba za chama chenu ulizoambatisha, na nimezisoma moja moja. Kabla ya mengine yote nakuomba: usilifunge suala hili la taarifa kuonyesha sifuri. Umeandika kwamba bosi wako ameridhika kwa kuwa tangu tarehe 2 Aprili taarifa inatoka sawa, na kwamba fundi wa kampuni mnakokodi seva amesema ni saa za Ulaya, zilizosogezwa mbele Jumapili ya tarehe 30 Machi. Naelewa kwa nini mmeyakubali maelezo hayo, maana tarehe zinakaribiana sana. Lakini siyo, na ushahidi umo humo humo katika ulichonitumia.

Taarifa yenu hutoka kila siku saa saba usiku, ikilinganisha akiba za mwezi huu na za mwezi uliopita. Usiku wa kuamkia tarehe 30, wa kuamkia 31 na wa kuamkia 1 Aprili ilionyesha ongezeko la sifuri. Wala si ongezeko dogo, ni sifuri kamili mpaka senti. Chama ambacho wanachama wake wanaweka akiba kila siku kwa simu hakipati sifuri kamili, labda kama kinajilinganisha na chenyewe. Machi ilipimwa kwa Machi. Saa za Ulaya zingeleta kosa la saa moja, tena kosa hilo lisingeondoka tarehe 2, kwani wenzetu huko hawazirudishi nyuma hadi Oktoba. Na seva yenyewe haifuati saa za huko. Kila faili lina muhuri wa 22:00, nawe unasema linatoka saa saba usiku. Hiyo ni UTC, yaani saa za kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu na haisogezwi mwaka mzima.

Chanzo ni huu mstari ulioko ndani ya skripti, ile orodha ya amri inayoandaa taarifa:

date -d 'last month' +%Y-%m

Unasomeka vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeutilia shaka. Ila hiyo date ya GNU, amri ya tarehe inayokuja na Linux, mfumo endeshi wa seva yenu, haiujui mwezi uliopita kama tunavyoujua mimi na wewe. Inachukua tarehe ya leo, inapunguza moja kwenye namba ya mwezi, basi. Siku ya 31 Machi 2025 inapata 31 Februari. Februari ya mwaka huu ina siku 28, kwa hiyo zile tatu zilizozidi zinahamia mwezi unaofuata na jibu linakuwa 3 Machi. Kwa namna hiyo hiyo tarehe 30 inageuka 2 Machi, na 29 inageuka 1 Machi. Tarehe 28 haina shida. Sasa kumbuka kwamba saa saba usiku wetu, kwa seva bado ni saa nne usiku wa siku iliyotangulia: tarehe zake 29, 30 na 31 kwetu ni usiku wa kuamkia 30, 31 na 1. Ndizo zile zile tatu zilizoharibika.

Kama bado una shaka, fungua taarifa ya usiku wa kuamkia 1 Januari. Utakuta sifuri nyingine, kwa sababu 31 Desemba ikirudishwa mwezi mmoja inakuwa 31 Novemba, siku isiyokuwepo, na inaangukia 1 Desemba. Ulikuwa usiku mmoja tu, tena wa mwaka mpya. Nani alikuwa anasoma taarifa za akiba? Mkiacha hivi itarudi usiku wa kuamkia 1 Juni, kisha 1 Agosti, kisha 1 Novemba. Bosi wako muoneshe tarehe hizo kabla hazijafika.

Nakwambia haya kwa msisitizo kwa sababu hitilafu za tarehe zina tabia mbaya ya kuondoka zenyewe, na mtu akiona imeondoka anaamini imepona. Tarehe 31 Desemba 2008 vile vichezeshi vya muziki vya Zune, vya Microsoft, vya gigabaiti 30, viliganda vyote kwa siku moja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha programu cha kugeuza idadi ya siku tangu 1980 kuwa mwaka. Kilikuwa kinazunguka hivi: maadamu siku zimebaki zaidi ya 365, toa mwaka mmoja uendelee, lakini kama mwaka wenyewe ni mrefu, toa pale tu siku zinapozidi 366. Fuatilia siku ya 366 ya mwaka mrefu, somo. Ni zaidi ya 365, kwa hiyo mzunguko hauishi. Haizidi 366, kwa hiyo hakuna kinachotolewa. Inabaki ikizunguka pale pale bila mwisho. Wenye navyo waliambiwa waache betri iishe kabisa na wawashe mwaka mpya ukishaingia, na kweli vikawaka. Kosa lilikuwa bado limo, likisubiri mwaka mrefu mwingine.

Haya, tutengeneze. Mstari wenyewe ni rahisi: usianzie leo, anzia tarehe 15, maana kila mwezi unayo. Mwongozo wa GNU wenyewe unashauri hivyo:

date -d "$(date +%Y-%m-15) -1 month" +%Y-%m

Uandike ndani ya skripti, usiuweke moja kwa moja kwenye crontab, lile faili la ratiba ambalo cron hulisoma ili kuamsha kazi kwa saa zake. Huko alama ya asilimia inasomwa kama mwisho wa mstari, na amri yako itakatwa katikati.

Halafu juu kabisa ya skripti weka export TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Seva iache kwenye UTC kama ilivyo, ni vizuri hivyo. Ila hesabu za wanachama zifuate saa zetu. Kwa sasa mama aliyeweka pesa saa nane usiku wa tarehe 1 anahesabiwa mwezi uliokwisha, kwa sababu kwa seva mwezi hauishi mpaka saa tisa usiku. Wakati mwingine hiyo ndiyo tofauti ya kupigiwa faini ya kuchelewa au kutopigiwa.

Lakini ninalolitaka zaidi ya yote ni hili: hiyo skripti isiulize leo ni lini. Ipewe tarehe. Cron ikiiamsha saa saba usiku iikabidhi tarehe ya jana, kwa kuwa taarifa ni ya siku iliyokwisha, na kila hesabu ndani yake itokane na tarehe hiyo iliyokabidhiwa. Ukiibadilisha hivyo unapata mambo mawili ambayo leo huna. Kwanza unaweza kuijaribu mchana kweupe, umekaa na kikombe cha chai: ipe 31 Machi uone, ipe 29 Februari 2028 uone, ipe 31 Desemba. Huhitaji tena kungoja mwezi uishe ili ujue kama umetengeneza au umeharibu. Pili, siku iliyorukwa unaweza kuirudia. Mle kwenye kanzidata weka jedwali dogo la siku zilizokwisha kuandaliwa. Kazi ikiamka iangalie kwanza zipi zinakosekana, izimalize kwa mpangilio. Ikiendeshwa mara mbili kwa siku moja, isiharibu kitu.

Jedwali hilo litakusaidia hata kwa ile kompyuta ya tawini inayonakili akiba usiku. Ulisema baadhi ya siku nakala haipo. Cron ya kawaida haina habari na kazi iliyopitwa wakati umeme umekatika. Mashine ikiwaka inasubiri zamu ya kesho. Hapo tumia anacron, au taima ya systemd yenye Persistent=true. Hizo ni ratiba ambazo mashine ikiwaka zinaendesha ile kazi iliyokosekana.

Nimeona na kitu kingine mistari michache chini yake. Mnachukua mwezi kwa date +%m kisha mnatoa moja kwa hesabu ya bash, programu inayosoma na kuendesha skripti yenu. Bash ikikutana na namba inayoanza na sifuri huisoma kwa msingi wa nane, wenye tarakimu 0 hadi 7 tu. Kuanzia 01 hadi 07 hakuna tofauti, ila 08 na 09 si namba katika msingi huo, kwa hiyo Agosti na Septemba skripti itagoma na kutoa kosa. Andika 10# mbele ya kigezo, yaani lile jina linaloshika namba ya mwezi, pamoja na alama yake ya dola, kama 10#$mwezi, itahesabu kwa kumi.

Umeuliza pia kama ile hitilafu ya saa za kompyuta ya mwaka 2038 ni jambo la kuhangaikia leo. Kwa mfumo endeshi wa seva yenu, hapana, ni wa biti 64. Tatizo ni la mashine na programu zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32: zinafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde inayofuata zinarudi Desemba 1901. Linux ya biti 32 ilianza kuvuka hapo kwa toleo la 5.6 mwaka 2020. Ila kanzidata zenu zichunguze. Katika MySQL, programu ya kanzidata, safu ya tarehe ya aina ya TIMESTAMP inaishia sekunde hiyo hiyo, nanyi mnakopesha watu wajenge nyumba. Mkopo wa miaka 15 ukisainiwa wiki ijayo unaisha 2040. Kwa tarehe za mwisho wa mkopo tumia aina ya DATE, isiyo na kikomo hicho, na zilizokwisha kuingia zikague zote, kwa sababu hapo hamna muda wa miaka 13, mnao wa leo.

Ukishaibadilisha skripti nitumie niipitie kabla hujaipeleka kwenye seva, pamoja na majibu ya tarehe hizo tatu na ile ya 31 Mei. Kama kuna pasipoeleweka nipigie Jumamosi baada ya magharibi, nitakuwa nyumbani. Mama mpe shikamoo yangu, na mwambie zile ndimu zilifika.

Ni mimi,
somo yako