Binti yangu, kabla hujanunua mausi

Mtwara, Chikongola

Mama,

Ujumbe wako nimeupata. Huku hatujambo, mama yako amepona mafua na duka linaenda, watu wa kutoa kopi hawakosekani. Nimefurahi kusikia umeshapewa meza yako pale chama cha msingi, na kwamba msimu wa korosho utakukuta umeshaizoea kompyuta. Umesema mausi ya ofisini inarukaruka, na kwamba Nachingwea mjini umeona moja isiyo na waya, inawaka taa za rangi rangi. Hiyo iache.

Uzuri wake siukatai. Ila kazi yako ni kuingiza kilo za watu, na mshale ukiteleza kidogo tu, kilo za mkulima mmoja zinaangukia mstari wa jirani yake. Siku ya malipo utamweleza nini huyo mzee?

Halafu wewe ni mashoto. Marehemu bibi yako alikukemea sana kwa hilo, lakini kwa kazi hii shoto lako ni mtaji. Tazama kibodi ya mezani: vitufe vya namba vimekaa kulia kabisa. Karani anayetumia mkono wa kulia anaingiza kilo, anaacha namba, anafuata mausi, anarudi kwenye namba, kutwa nzima. Wewe mkono wa kulia utabaki kwenye namba, wa kushoto kwenye mausi, hakuna safari. Hata Douglas Engelbart, Mmarekani aliyebuni mausi, alipoionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968 alikuwa ameigawa mikono yake: mmoja kwenye mausi, mwingine kwenye kibao kidogo cha vitufe vitano. Mausi ya kwanza kabisa, ya mwaka 1964, ilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Taa za rangi hazikuwepo na kazi ilifanyika.

Kwa hiyo usichukue ile iliyobinuka upande mmoja na kuchimbwa pa kuweka dole gumba. Hiyo imefinyangwa kwa mkono wa kulia, itakuumiza kiganja. Tafuta iliyo sawa pande zote mbili, na isiwe kubwa, maana mkono wako mdogo. Kwenye mipangilio ya Windows unaweza kubadilisha vitufe ili cha kulia kifanye kazi ya kushoto. Kama kompyuta mnaitumia wawili, viache vilivyo, ubofye kwa kidole cha kati. Mwenzako asije akadhani mashine imerogwa.

Nunua ya waya. Isiyo na waya inataka betri, na kile kipokezi chake cha kuchomeka kwenye USB ni kidogo kama punje ya mahindi: siku kikipotea kwenye vumbi la ghala, mausi nzima imekwisha, maana nyingi hazikubali kipokezi kingine. Zile za Bluetooth nazo zinataka kompyuta yenye Bluetooth, na za mezani nyingi hazina.

Dukani usijaribie juu ya kioo cha kaunta. Chini ya mausi kuna taa na kamera ndogo inayopiga picha za meza mara nyingi mno kwa sekunde, ikilinganisha picha na picha ili ijue umesogea wapi. Kioo safi hakina alama za kushika, kwa hiyo hata mausi nzima itarukaruka hapo. Omba kitabu cha risiti uiweke juu yake. (Na ile ya ofisini ijaribu kwanza juu ya karatasi, ufute na vumbi kwenye tundu la chini. Huenda haijafa.) Zamani ilikuwa na gololi ndani, tulikuwa tunaitoa na kukwangua uchafu kwa ukucha.

Kisha bofya mara moja moja, polepole, kwenye faili. Faili likijifungua kama umebofya mara mbili, kitufe kina ugonjwa, irudishe. Shika faili ulivute hadi upande wa pili wa kioo cha kompyuta. Likidondoka njiani, ni ugonjwa uleule. Zungusha gurudumu la katikati. Mwisho pinda waya taratibu pale unapoingia kwenye mausi, kwani ndipo unapokatikia, na uangalie kama mshale unaganda. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili. Namba za DPI (kipimo cha wepesi wa mausi kuhisi inavyosogea) zilizoandikwa kubwa kwenye boksi zisikubabaishe: kwa kazi ya ofisi 1,000 inatosha, maelfu ya juu ni ya wacheza gemu.

Ukishaipata, iweke karibu na kibodi, kifundo cha mkono kikae kimenyooka, na usogeze kuanzia kiwiko. Wanaozungusha kifundo peke yake ndio wanaokuja kulalamika ganzi ya vidole.

Kabla ya kutoa hela, nipigie picha nyuma ya ile kompyuta. Kama ni ya zamani sana yenye matundu ya duara, yale ya kuchomekea mausi na kibodi za kizamani, lazima tujue USB zilizobaki ni ngapi na zipi nzima. Nachingwea ukikosa iliyo sawa pande zote, nijulishe nitafute hapa mjini, nikutumie kwa basi pamoja na kile chandarua ulichosahau.

Baba yako