Uji wa Udongo Ukigoma Kutiririka, Pima Uzani Kabla ya Kuongeza Maji

Uji wa udongo wa kumimina kwenye kalibu ili kutengeneza vyombo huwa mzito kwa sababu mbili tofauti kabisa: ama maji ni machache, ama maji yanatosha ila chembe za udongo zimeshikana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mizani itakuambia mara moja.

Koroga polepole usiingize hewa, chuja, kisha jaza silinda ya mililita 500 ambayo unajua uzani wake ikiwa tupu. Ifute nje. Gramu za uji gawanya kwa 500. Uji mwingi wa kumimina huangukia kati ya 1.75 na 1.80. Kwa udongo wenye msongamano wa 2.6, uji wa 1.78 una karibu gramu 510 za maji kwa lita, na wa 1.72 una 550. Hizo gramu 40 za ziada zinaonekana si kitu, lakini ni lazima kalibu ya jasi izinywe: ukuta unachelewa kujengeka na chombo kinasinyaa zaidi. Jihadhari na mapovu, maana hupunguza uzani ukadhani maji yamezidi.

Uzani ukiwa sawa, pima mtiririko. Kikombe chenye tundu chini, kama kile cha kupimia rangi, kinatosha kwa kazi za kila siku. Ziba tundu kwa kidole, jaza, achia papo hapo, hesabu sekunde mpaka mililita 100 zitoke. Rudia, safari hii uji ukae humo dakika 5 kabla hujaachia. Watu wengi huruka kipimo hiki cha pili, nacho ndicho chenye habari. Ukipata sekunde 40 kisha 48, endelea na kazi. Ukipata 40 kisha 90, uji unaganda ukitulia, na ukifika wakati wa kumwaga uji wa ziada baada ya ukuta wa chombo kujengeka, utang'ang'ania kwenye kona za kalibu. Ukipata 40 na 40, usishangilie: huenda dawa ya kutenganisha chembe imezidi, udongo utatuama chini ya ndoo na chombo kitatoka kigumu, chepesi kuvunjika.

Dawa yenyewe, kwa mfano silikati ya sodiamu, iongezwe kidogo kidogo: gramu 5 kwa kilo 10 za udongo mkavu, koroga vizuri, pima tena. Sekunde zitapungua, zitafika mwisho, kisha zitaanza kupanda. Simama kabla ya kufika mwisho huo. Na kama uji uliokuwa mzuri unazidi kuwa mzito wiki hadi wiki, chunguza mabaki unayorudisha kwenye pipa. Vipande vya jasi vilivyomo hushikanisha chembe upya.

Kikombe hutoa namba moja tu, ilhali uji hulegea kadiri unavyosukumwa. Ndiyo maana sisi tunaopima sampuli tunatumia mashine inayozunguka ndani ya uji, na kusoma mnato, yaani ukinzani wa uji kutiririka, kwa mizunguko 6, 12, 30 na 60 kwa dakika, tukipanda kisha tukishuka. Namba za kushuka zikiwa ndogo kuliko za kupanda, uji haujajifunga tena baada ya kuvurugwa. Vipimo vyote tunavifanya kwa nyuzi 25, kwa kuwa kati ya nyuzi 20 na 25 mnato wa maji peke yake hupungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Ukituletea sampuli, lita moja inatosha. Andika kwenye chupa uzani uliopata, aina ya dawa na kiasi chake, na kama mabaki yamechanganywa.